Watu Wawili wa Kamba

Sijawahi kuona watu wazima wakijidhalilisha kama wanaume wa chama cha Chombo pale Kolwezi, na katika nchi hii nimeona mengi. Walikuwa kumi na wanane. Wote walikuwa na wake, na wote walikuwa na kazi kwenye kampuni ya shaba: mafundi wa shimo la mgodi wa Mashamba, makarani, mwalimu mmoja wa hesabu, na mkubwa wa gereji ya magari, ambaye ndiye aliyekuwa prezida wao. Kila Alhamisi jioni walivaa mashati yaliyopigwa pasi na wake zao, wakaenda kwenye ukumbi wa wafanyakazi kutazama filamu ya mfululizo ya Wazungu wanaozunguka katikati ya nyota ndani ya chombo cha chuma. Walipeana vyeo vya humo ndani. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akipima mafuta ya malori, jioni aliitwa rubani wa pili, na aliitika.

Sekretere wao alikuwa baba yangu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Baba alikuwa karani wa bohari. Zamani alifanya kazi chini ya injinia mmoja Mbelgiji, na injinia yule alipofariki kwao, mjane wake akapata kazi ya kushona nguo katika studio ile ile walikotengeneza Chombo. Alikuwa mpweke, naona, kwa sababu alianza kumwandikia baba barua ndefu kama khanga mbili zilizoungwa. Aliandika nani amenenepa, nani hasemi na nani, nani amelia chooni. Hivyo ndivyo mji wetu, ambao haukuwa na maji ya bomba siku tatu kwa wiki, ulivyopata habari za nyuma ya pazia kutoka jikoni kwenyewe. Mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa sanduku la posta, kwa hiyo najua barua ngapi zilikuja na lini zilikoma. Kumbukeni hilo.

Chama kilikuwa na sheria moja, na waliishika kuliko Amri Kumi. Filamu ikiisha, hakuna mtu kufungua mdomo mpaka sekretere asimame asome barua. Wanakaa kimya, mikono magotini, kama wanangoja komunyo. Baba anasafisha koo, anavaa miwani, anasoma. Ndipo wakajua kwamba kapiteni wa chombo, yule aliyekuwa akisimama wima na kifua mbele, alifungwa mkanda wa kubana tumbo kila asubuhi na wanawake wawili. Wakajua kwamba mchanga wa sayari nyekundu ulikuwa wa machimbo ya kokoto nyuma ya studio. Mafundi wa Mashamba walifurahi, wakasema hata sisi tungeweza kupiga filamu pale shimoni kwetu. Wakajua kwamba milango ya chombo, ile inayojifungua yenyewe mtu akiikaribia, ilivutwa kwa kamba na watu wawili waliojificha nyuma ya ubao, na kwamba siku moja hao wawili walichelewa na kapiteni akagonga pua. Hiyo walimwomba baba airudie Alhamisi nne mfululizo.

Kulikuwa na jambo lingine. Umeme wetu ulikuwa umeme wa kukatika. Nusu ya kila sehemu ya filamu iliingia gizani, na taa ikirudi, kapiteni yuko mahali pengine na vazi jingine. Basi walimgeukia baba. Baba alikuwa akiwaambia yaliyopita kati, kwa sauti ile ile ya kusoma barua, na hakuna aliyemuuliza ameyajuaje. Mimi nilikuwa nikikaa nyuma na thermos ya chai, na nikipiga hesabu niliona kwamba mambo mengi ya Chombo hawakuyaona kamwe. Waliyasikia kutoka kwa baba yangu. Kwangu mimi huo ulikuwa uongo wa mtu mzima, na niliona haya kuitwa mtoto wake.

Wapenzi wao wakubwa walikuwa watu wa mistari. Hao walikuwa taifa moja humo kwenye filamu, watu wenye mistari mitatu kwenye paji la uso, waliopokelewa chomboni baada ya sayari yao kupasuka. Walishika kazi za mitambo kule chini. Halafu ikaja sehemu ambayo wenye chombo waliamua kuwatoa, wote, na watoto wao, ndani ya vijahazi vya dharura, kwa kuwa wamezidi na wanajiona. Yesu wangu, kilio cha siku ile! Prezida alitoa kitambaa mfukoni. Mwalimu wa hesabu alitoka nje akasimama karibu na mfereji mpaka alipojikaza. Baba akasoma barua, na yule mama alikuwa ameandika kwamba mistari ile ni mpira tu, inabandikwa kwa gundi, na kwamba mwigizaji mkubwa wa watu wa mistari ana vipele na anataka kuacha kazi. Hata hivyo waliendelea kulia. Walipitisha azimio la kulaani kapiteni, baba akalipiga mashine ya kuandika kwa nakala tatu.

Wanaume kumi na wanane waliwalilia watu wa mpira. Nataka mlishike hilo pia.

Baada ya hapo nchi ilianza kumeguka. Wanajeshi walipora, raia wakafuata nyuma yao wakapora kilichobaki, na televisheni ya ukumbi ikapotea pamoja na sanduku lake la mbao. Wiki tatu baadaye ilionekana sebuleni kwa prezida, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alisema ameihifadhi. Chama kizima kikaenda kukaa kwake kwenye mikeka, wakamshukuru kwa kuihifadhi. Hawakupata kuitazama sana, kwa sababu mtambo wa kurushia matangazo nao uliharibika na hakukuwa na fundi wa kuutengeneza. Chombo kilikatika zikiwa zimebaki sehemu mbili kufika mwisho. Barua ya mwisho ya yule mama ilisema anaingia hospitali kufanyiwa operesheni ya macho, na akipona atatuandikia jinsi yote yatakavyoisha. Nilienda posta kila Jumatatu kwa muda wa mwaka mzima. Hakuandika tena.

Sasa niseme sisi ni nani, ingawa mwenye akili ameshajua. Sisi ni watu wa asili ya Kasai, mkoa mwingine kabisa. Babu aliletwa na Wabelgiji kuchimba, baba alizaliwa kwenye kampi ya wafanyakazi pale pale Kolwezi, nami nilizaliwa mlango wa pili kutoka alipozaliwa yeye. Kasai nilikuwa siijui hata kwa picha. Lakini miaka ile wakubwa walianza kusema kwenye redio na viwanjani kwamba mkoa una wageni, na kwamba hao wageni ndio waliokula kazi zote. Wakatuita bilulu, yaani wadudu. Neno lile lilishika haraka. Nililisikia kwa muuza mkaa wetu, nikalisikia kwa mwanamke niliyekuwa nikisuka naye nywele.

Mama yangu alivunjika mguu siku walipofukuza watu wetu sokoni. Alianguka mtaroni, mfupa wa paja ukakatika. Hospitali haikuwa na kitu, lakini muuguzi mmoja mwenye huruma alimfunga plasta kutoka kwenye vidole mpaka nyonga, akatuambia mguu usikunjwe wala kukanyagwa kwa wiki nane. Na mama hakuwa mwanamke mdogo. Akikaa kwenye kiti, kiti kilijulisha. Majirani wa Kasai walianza kuondoka, kwanza nyumba moja moja, halafu mstari mzima, wakaenda kulala uwanja wa shule na kwenye stesheni wakingoja treni ya kuwatoa. Sisi tulibaki. Kutoka kwetu mpaka stesheni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu, na vijana wenye fimbo walikuwa wamefunga njia mahali patatu. Wenye mikokoteni hawakukubali kutubeba, waliogopa kupigwa. Mawazo yetu yote yakawa hayo tu: mama atafikaje kwenye treni?

Baba alisema chama kitakuja.

Nilifyonya mbele yake, mimi mtoto wa kike wa miaka kumi na tisa, jambo ambalo siku nyingine lingeniletea kofi. Alisema prezida ana kamyoneti ya kampuni, lile gari dogo la mizigo, na kamyoneti ya kampuni inapita popote. Alisema wamekaa pamoja Alhamisi za miaka sita. Kila siku alivaa shati safi, akakaa barazani kuwangoja. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Rubani wa pili alipita kwa baiskeli akageuza uso upande wa bomba. Mwalimu wa hesabu alimtuma mkewe kuomba tumwachie meza yetu, kwa vile hatutaihitaji. Siku ya nane vijana wa fimbo walitupa jiwe juu ya bati letu. Nilimdharau baba kwa ile miwani yake, na kwa lile shati, na kwa faili la chama alilolishika mapajani kama kitoto. Mama alikuwa amelala chumbani, anasikia kila kitu, anasema tu tumletee maji.

Siku ya tisa, Jumamosi, saa nne asubuhi, kamyoneti ikasimama mlangoni. Watu walisema treni itaondoka mchana huo, na baada yake hakuna anayejua. Akashuka prezida, na wengine wanne wa chama nyuma yake, mwalimu wa hesabu akiwa mmoja wao. Baba alinitazama, na sitasahau jinsi alivyonitazama, kana kwamba ameshinda mahakamani.

Prezida alivua kofia. Aliuliza hali ya mama, akasikitika, akazungusha kofia mikononi. Halafu akasema.

"Tata sekretere, batu banasema weye unaenda na treni ya leo. Sasa mwisho wa Chombo, utatuachia na nani? Ile barua ya yule mama ya Ulaya ilifika?"

Ndicho walichokuja kutafuta. Walikuwa wamepita vizuizi vitatu, wameona watu wakivuliwa viatu njiani, wamekuja mpaka kwetu kumuuliza baba yangu mwisho wa filamu kabla hajafukuzwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kuchukua mwichi wa kutwangia nimvunje nao prezida meno. Niliangalia chini ili wasinione.

Baba alishusha miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Ilifika," akasema.

Mimi niliyeshika ufunguo wa posta nilijua hakuna kilichofika. Baba hakunitazama. Prezida alivuta kiti, wale wanne wakachuchumaa, mikono magotini, kama Alhamisi. Wakasema basi asome.

"Mwisho ni murefu," baba akasema. "Na muke wangu hawezi kutembea. Nitawaambia kule ku treni, yeye akisha kulala mu behewa."

Walinong'onezana. Prezida alisema hiyo ni kumtia yeye hatarini na kampuni. Mwingine akasema asome sasa, halafu wataona la kufanya kuhusu mama. Baba akasema hapana, na alisema kwa upole, kama mtu anayekataa sukari. Aliongeza tu kwamba watu wa mistari wanarudi katika sehemu ya mwisho. Nikaona macho ya prezida yakifunguka.

Walimtoa mama dakika kumi baadaye. Hatukuwa na machela, kwa hiyo waliung'oa mlango wetu kwenye bawaba zake, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya buluu na kuandikwa namba ya nyumba, wakamlaza juu yake na kumpandisha nyuma ya kamyoneti. Watu watano walitokwa jasho. Mama aliwaambia washike sawasawa, yeye si gunia la saruji. Mimi na baba tulikaa ubavuni kwake, mmoja kila upande, tukiushika ule mguu usicheze.

Kwenye kizuizi cha kwanza prezida alitoa kichwa dirishani akawaambia vijana kwamba anawapeleka bilulu mwenyewe kwenye stesheni, wampishe. Alilisema neno lile kwa urahisi, baba akiwa nyuma yake umbali wa mkono mmoja. Walicheka, wakampisha. Kizuizi cha pili vivyo hivyo. Kabla ya kila kizuizi, baba aliinama karibu na kidirisha cha nyuma akawapa kipande: chombo kimeishiwa mafuta, sayari ya nyumbani inaonekana kwa mbali, kapiteni ana homa. Prezida alikuwa akiendesha na huku amegeuza sikio. Kwenye kizuizi cha tatu kijana mmoja alitaka kupanda aangalie tumebeba nini, na alishaweka mguu juu ya gurudumu. Prezida alimfokea ashuke, wana haraka. Alikuwa na haraka kweli, maskini.

Stesheni ilikuwa imejaa watu, masufuria, magodoro na mavi. Walimpitisha mama juu ya vichwa vya watu, juu ya mlango wetu, hadi kwenye behewa la bidhaa, wakamlaza kwenye kona penye kivuli. Nikapanda, nikamwekea furushi la nguo chini ya goti. Mlango waliurudisha kwenye kamyoneti. Halafu wakasimama chini, watano, wamepanga mstari, wakamngoja baba asafishe koo.

Baba alisimama kwenye ukingo wa behewa na faili kwapani. Humo ndani ya faili kulikuwa na maazimio ya zamani. Akafungua, akatazama karatasi, akasoma.

Alisoma kwamba wenye chombo walifika nyumbani. Sayari ilikuwa ya kijani, maji yanaonekana kwa macho. Kapiteni alivaa vazi lake jeupe, akafungwa mkanda wa tumbo, akawapanga watu wote nyuma yake wapige wimbo wa ushindi. Akatembea kuelekea mlangoni, kifua mbele, kama kawaida yake. Mlango haukufunguka. Akarudi nyuma hatua tatu, akatembea tena. Haukufunguka. Kwa sababu wale watu wawili wa kamba walikuwa wa mistari, nao walishatolewa katika vijahazi pamoja na wenzao, na hakuna aliyekumbuka kwamba mlango ule una watu nyuma yake. Kapiteni akabaki amesimama mbele ya mlango, watu wanaimba, sayari iko pale nje. Baba akafunga faili. Akasema hapo ndipo filamu inaishia.

Mwalimu wa hesabu aliuliza kama kweli inaishia hapo, baba akasema ndiyo, yule mama ameandika hivyo. Prezida akatikisa kichwa polepole.

"Ni muzuri," akasema. "Ni muzuri sana, tata. Yule kapiteni mi sikumupenda hata siku moja."

Hawakuelewa kitu. Niliwaangalia usoni mmoja baada ya mwingine nikitafuta hata aibu ndogo, sikuiona. Walipeana mikono na baba, wakamtakia safari njema kama anakwenda likizo, wakaondoka haraka wakawahi chakula cha mchana. Treni iliondoka saa kumi. Ilifika stesheni ya Tenke kesho yake, ikasimama huko siku mbili juani, na katika behewa letu walikufa mzee mmoja na mtoto mchanga. Mama hakufa. Baba alimkinga mguu kwa mgongo wake mpaka tulipofika, na kila treni ilipotikisika alikuwa anaguna yeye badala ya mama.

Njiani nilimuuliza ule mwisho ameutoa wapi. Alisema habari ya kamba iliandikwa na yule mama, hiyo ni kweli. Mengine alikuwa akiyatazama tu nje ya kamyoneti. Nilimwomba msamaha kwa kumfyonya. Akasema hakusikia, na alikuwa amesikia.

Nilirudi Kolwezi miaka mingi baadaye, kwa harusi ya binti wa shangazi, nikiwa mwanamke mwenye mvi. Baba alishazikwa Kasai, mahali alipoitwa mgeni hadi alipokufa. Ile kampuni nayo ilishaanguka: mashimo yalijaa maji, mashine ziliota majani, na wengi waliotufukuza walikuwa wameuza madirisha ya nyumba za kampuni wapate bukari, yaani ugali. Nilionyeshwa nyumba ya prezida. Nilikwenda ili nimwone amechakaa, siwezi kujisingizia wema. Alikuwa amechakaa. Gereji yake ilikuwa uwanja wa mbuzi. Kwenye jiko lake la uani kulikuwa na mlango wa buluu, na namba ya nyumba yetu bado inasomeka.

Alinitambua baada ya kumwambia mimi ni mtoto wa sekretere. Nilidhani atanyamaza, au atauliza habari za mama. Badala yake alinikasirikia.

"Baba yako alitudanganya," akasema. "Mi niliona mwisho na macho yangu, mutoto wangu alileta ile filamu ku diski. Mulango unafunguka. Banatoka bote na furaha. Ile barua haikufika hata kidogo."

Nikamwambia ni kweli, haikufika. Mimi ndiye nilikuwa na ufunguo. Alipiga paja kwa mkono, kama mtu aliyeibiwa jana. Nikamuuliza swali moja tu, na nilimuuliza kwa heshima.

"Tata, kama ungejua siku ile kwamba hana barua, ungetupeleka ku treni?"

Alifikiri. Namshukuru kwa hilo, alifikiri kweli, alitazama mikono yake, akatazama mbuzi.

"Aka, mama," akasema. "Hapana."

Kisha akanivutia kigoda. Alisema nikae, anisimulie sasa mwisho wa kweli, kwa vile baba alikufa bila kuujua na si vizuri mtoto naye abaki hivyo. Alikwisha kusafisha koo. Nikachukua mkoba wangu, nikamwambia asijisumbue, mwisho wetu ulimfikisha mama.

Zaidi ya mlango wa kapiteni kufunguka, sijui mpaka leo Chombo kiliishaje, na atakayeniambia nitamfukuza kwangu. Mama yu hai. Mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, anachechemea, ananigombeza kwa simu kila Jumapili. Nilipomweleza habari za prezida, aliuliza kama mlango wetu alioutia jikoni kwake unafungika vizuri. Nikamwambia unafungika. Akasema angalau huo tungeubeba.